Kinanda Chepesi cha Fransiska

Kinanda cha zamani cha kigango kilikuwa kizito kama ndama, na kwa miaka yote aliyekibeba mgongoni ni Fransiska. Si kwamba wanaume wa kwaya hawakuwa na migongo. Walikuwa nayo, tena mipana. Lakini kila palipotokea mazishi ng'ambo ya bonde, wao walishika vitabu vya nyimbo na miamvuli, wakatangulia wakipiga soga za vitunguu saumu na ng'ombe. Fransiska alikifunga kinanda kwa khanga kama anayebeba mtoto, akafuata nyuma kwenye utelezi wa udongo mwekundu wa Bashay. Akifika, wanaume hao hao walimwuliza kwa nini amechelewa.

Masika yaliyopita paa la sakristia likavuja, maji yakaingia kwenye kinanda, kikafa. Onesphory, mwenyekiti wa kwaya, alipokuwa anakwenda Arusha kununua kingine, alipita kwa Fransiska.

"Mama Basili, wewe ndiye mpigaji. Unataka cha aina gani?"

Mwingine angetaja sauti, angetaja midundo. Fransiska alikuwa ametoka kuchota maji, kiuno kinamwuma hadi kwenye magoti.

"Chepesi," akasema.

"Na sauti je?"

"Onesphory, nimesema chepesi."

Basi akaletewa chepesi. Kilikuwa chembamba kama ubao wa kukatia nyama, cheusi, kinang'aa, unakibeba kwa mkono mmoja na mwingine umeshika jembe. Jumapili Padre alikibariki mbele ya watu wote, akakinyunyizia maji ya baraka bila ubahili. Hakikuwa na tundu la spika, kilikuwa na waya mmoja tu, kwa hiyo wakauchomeka kwenye adapta ya simu. Taa ikawaka. Fransiska akakaa, akashusha vidole.

Kimya.

Akagonga tena. Kimya cha kaburi. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Ikabidi waimbe hivi hivi, na Monica, yule mwanzishaji ambaye tangu azaliwe huanzia chini kuliko anavyopaswa, siku hiyo alianzia chini mpaka wale wa sauti ya nne wakabaki kunguruma tu. Nje ya kanisa kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema Padre alimwaga maji mno. Wengi walisema Fransiska ndiye aliyetaka chepesi, na chepesi ndicho hicho.

Siku chache baadaye Mzee Margwe, mwanzilishi wa kigango, akafariki. Asubuhi ya siku moja kabla ya mazishi, Onesphory alimkuta Fransiska shambani aking'oa vitunguu saumu.

"Pole na kazi, Mama Basili."

"Nimeshapoa. Sema ulichotumwa."

Onesphory akavua kofia, akaivaa tena. "Kamati imekaa jana."

"Kamati ikikaa, mimi huwa nimesimama wapi?"

"Usikasirike. Tumeonelea kwamba kile kinanda kisipolia leo, tukibadilishe kwa yule mwenye duka pale Dongobesh. Anatupa spika ya flashi. Nyimbo zimo humo tayari pamoja na vinanda vyake, sisi ni kuimba juu yake tu. Na wewe utapumzika."

"Nitapumzikia wapi?"

"Kule nyuma. Na sauti ya pili. Si utakuwa unaimba tu, umesimama vizuri?"

Umesimama vizuri! Fransiska aliinama, akang'oa kitunguu, akakipiga chini kutoa udongo kwa nguvu ambayo kitunguu hakikuistahili. Tangu anaamka hadi analala, mwanamke huyu hakai. Analima ameinama, anakamua amechuchumaa, anasonga ugali amesimama, anakwenda gulioni kwa miguu. Kazi moja tu duniani aliyopewa pamoja na kiti ni kupiga kinanda. Sasa kamati imekaa, kwenye viti vyake, na kiti hicho kimoja inampa flashi.

Hakubishana. Kubishana nako kunataka nguvu. Aliviacha vitunguu, akakichukua kinanda, akaenda kwa Letisia.

Letisia ni binti wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, anaishi kwenye nyumba za walimu na ana kompyuta. Shule ilikuwa likizo fupi, akamkuta anafua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Acha nguo. Hiki kitu kimenitia aibu mbele ya Padre, na kesho kinaninyang'anya kiti."

Letisia akakigeuza, akasoma maandishi ya mgongoni, akatafuta kwenye simu. Kisha akaanza kucheka, akaona uso wa shangazi yake, akaacha.

"Shangazi, hakijaharibika. Hiki hakina sauti ndani yake. Kazi yake ni kupeleka habari tu: amegonga hapa, amegonga kwa nguvu. Sauti yenyewe inatoka kwenye kompyuta."

"Yaani Onesphory ameninunulia vidole."

"Ndiyo. Koo liko huku."

"Vidole ninavyo kumi. Sikuwa na upungufu."

Hata hivyo alivuta kiti. Letisia alipakua programu ya kutengenezea muziki, na mtandao wa pale unavyotambaa, wakapata nafasi ya kumaliza kufua. Ikamaliza kushuka, akaunganisha spika ndogo, akachomeka waya wa kinanda kwenye kompyuta, akaingia kwenye mipangilio na kukichagua kwa jina lake, maana bila kuchaguliwa programu haikitambui. Akachagua sauti ya piano, akawasha alama nyekundu ya kuiambia isikilize.

"Haya, shangazi. Piga."

Fransiska akafanya kama anavyofanya siku zote. Akanyoosha khanga, akavibonyeza vile vitufe vya pembeni kushusha sauti imfuate Monica, akakohoa, akashusha vidole kwenye wimbo wa maziko.

Kimya.

"Si nilikuambia," akasema.

"Subiri. Unaona huu mstari wa kijani unaoruka? Kila ukigonga unaruka. Maana yake inakusikia."

"Inanisikia halafu inanyamaza. Basi imefundwa na marehemu mume wangu."

Letisia akacheza wimbo mwingine kwenye kompyuta. Spika ikalia vizuri, kwa hiyo spika haina kosa. Akabadili piano akaweka filimbi. Fransiska akakaa sawa, akavibonyeza vitufe, akapiga. Kimya. Akaweka ogani. Kimya. Akazima kila kitu akawasha upya, akachagua tena kila alichokuwa amekichagua. Fransiska akanyoosha khanga, vitufe, kikohozi, vidole. Mstari wa kijani ukaruka kama panzi, na sauti hakuna. Jua likaanza kuelemea upande wa pili. Ng'ombe walikuwa wanamngoja, na vitunguu vilikuwa vimelala shambani na ukungu wa jioni ulikuwa njiani.

"Mwambie Onesphory akichukue," akasema. "Mimi nimechoka, Letisia. Si leo tu. Nimechoka tangu zamani, nilikuwa sijapata nafasi ya kusema."

Akachukua kikombe cha chai, akaenda kukaa kizingitini. Huko ndani Letisia, kwa kukosa la kufanya, aliuchomoa waya, akauchomeka tena, kisha akachukua kitambaa afute udongo ambao vidole vya shangazi yake vilikuwa vimeuacha kwenye kinanda.

Chumba kizima kikalia. Kitambaa kilipopita, sauti zikamwagika toka chini hadi juu, ogani kubwa kama ya kanisa la jimbo.

Chai ilimwagika. Fransiska aliingia mbio, akamsukuma mwalimu wa watu kwa nyonga, akakaa, akanyoosha khanga, vitufe, kikohozi, vidole.

Kimya.

"Kinanikataa mimi!" akasema. "Kimeona uzee."

"Ngoja. Shangazi, rudia. Usipige. Fanya vile unavyofanya kabla ya kupiga."

"Nafanya nini? Sifanyi kitu."

"Huo mkono wa kushoto. Umebonyeza nini?"

"Si namtafuta Monica! Kila mpigaji anaanza hapo. Mimi napiga kwa vidole vile vile siku zote, nashusha sauti mpaka inapomkuta yeye. Ningefanyaje, nimpandishe yule?"

Letisia akatazama vitufe, akatazama simu, akaziba mdomo kwa kiganja. Kwenye kinanda cha zamani kila mbonyezo ulishusha sauti hatua moja ndogo. Kwenye hiki kila mbonyezo uliteremsha ngazi nzima, toka do hadi do ya chini yake. Fransiska alikuwa akivibonyeza mara kadhaa, akiipeleka sauti chini kuliko sikio la binadamu linavyofika. Kila walipozima na kuwasha kinanda kilirudi chenyewe mahali pake, na kila mara yeye, kwa mazoea, alikizamisha tena.

"Kwa hiyo kimekuwa kikilia," akasema Fransiska polepole.

"Kimekuwa kikilia ardhini, shangazi."

Letisia akamwonyesha mahali pengine, ndani ya programu, pa kushusha hatua ndogo ndogo. Fransiska akapiga wimbo wa maziko wote, toka mwanzo hadi mwisho. Hakutabasamu. Alipomaliza alibaki amekaa, mikono juu ya kinanda, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Haya," akasema. "Ng'ombe."

Asubuhi Onesphory alikuja kwa Letisia na wenzake wawili, akakisikiliza kikilia, akapiga makofi.

"Mwalimu! Tulijua tu utaweza. Mama Basili, funga mzigo twende, ng'ambo kule ni mbali na bodaboda hazipiti kwa tope."

Fransiska akautazama mzigo. Kompyuta ya Letisia ndani ya begi. Spika kubwa ya kigango. Betri ya sola ya kuviendesha, kubwa kama ya gari, nzito kuliko kinanda cha zamani. Wanaume nao walikuwa wanamtazama yeye, vitabu vya nyimbo mkononi.

Akakifunga kinanda kwa khanga, akakitia kwapani.

"Changu ni hiki," akasema. "Hayo mengine ni mali ya kwaya. Wekeni flashi iyabebe."

Akatoka. Hakugeuka, lakini alisikia mabishano madogo, halafu mtu anaguna akinyanyua betri. Bondeni ukungu ulikuwa haujaondoka. Magoti yalimwuma kama kawaida, na vile vitunguu vya jana vilikuwa bado shambani. Lakini kwa mara ya kwanza alikuwa mbele.

"Mama Basili," Onesphory akaita huko nyuma, akihema. "Tupumzike kidogo jamani."

"Tutapumzika tukifika," Fransiska akajibu. "Mimi kule nina kiti."