Shavu la Kulia la Mama Delphine

Mama Delphine alizaliwa Yanonge mwaka 1919, binti wa wavuvi wa mto, na alipofiwa na mumewe alihamia Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Huko, katika mtaa wa Kabondo, akawa mwalimu wa dini. Wito wake ulionekana mlangoni mwa kanisa: hakuna aliyeingia bila kusalimiwa naye kwa desturi yetu, vichwa vikigusana kushoto, kulia, na kushoto tena.

Mwaka 1961, uhuru ukiwa bado mchanga, alipasuliwa uvimbe chini ya sikio la kulia. Uvimbe uliisha, tumshukuru Mungu na waganga wake, lakini neva zilizoguswa na kisu hazikutulia. Upepo tu, au ncha ya kitambaa, ilitosha kumchoma shavu kama pilipili. Siku moja jirani yake Sikujua, mke Mwislamu wa karani Asumani, alipomwinamia amsalimu, Delphine alijivuta nyuma bila neno. Sikujua akaona amedharauliwa, na kwa miezi mingi wakapishana kimya. Jambo hilo lilimuuma Delphine kuliko shavu lenyewe. Mwishowe akamwendea nyumbani.

"Haikuwa wewe njo nilikataa, dada. Ni mushipa hii. Ikiguswa, iko nawaka moto."

Sikujua akacheka huku analia. "Bon, tutasalimiana kushoto tu. Sasa ulinyamaza ya nini?"

Uasi ulipofika mwaka 1964, makarani, kwa kuwa waliitumikia serikali, waliwindwa na waasi nyumba kwa nyumba. Delphine alimficha Asumani chumbani mwake. Mpiganaji mmoja alimpiga kofi kwenye shavu lile lile ili aseme Asumani alipo. Alianguka, asiseme. Walipoondoka alimwambia Sikujua, "Bwana yako iko muzima. Leo maumivu yangu ilipata kazi."

Alifariki mwaka 1968. Saa yake ilipokaribia, alimgeuzia Sikujua upande wa kulia. "Leo huku," alisema. Sikujua aliogopa, kisha akamgusa polepole, na Delphine hakushtuka, alitabasamu. Wengi wanauita muujiza, nami siwabishii.

Akina mama wa Kabondo wakimtembelea mgonjwa bado huuliza kwanza, "Upande gani?" Tumwige hapo, ndugu wapendwa. Tumwambie jirani panapotuuma, na tumwulize panapomuuma yeye kabla hatujanyoosha mkono.