Gramu Kumi na Tatu za Tope

Droni hii imenigharimu shilingi laki nane na elfu tisini na tisa. Nilipohesabu mara ya kwanza nilipata laki nane na tisini na sita, nikaona haijakaa sawa, nikarudia. Nilikuwa nimesahau soda tatu. Soda hizo nilizinunua mimi mwenyewe, tukanywa watatu: mimi, shangazi yangu, na mtoto wake aliyekuwa ananiuzia, tukicheka mpaka soda inatutoka puani. Leo nikikumbuka kicheko kile nasikia kichefuchefu, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno.

Nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Bariadi, vipya na vilivyotumika. Vilivyotumika ndivyo vinavyonilisha. Nikishika rimu nimefumba macho naweza kukwambia ilibeba mkaa au ilibeba mchumba. Kwa hiyo nilipoamua kutafuta droni ndogo ya kamera, ile ya kukunja mikono yake ikaingia mfukoni, sikuwaza hata mara moja kununua mpya. Kitu kipya bei yake kapanga mtu usiyemwona, huna wa kumkunjia uso. Kitu kilichotumika kina mwenyewe, na mwenyewe ana shida zake na haraka zake. Hapo ndipo ninapopatia riziki.

Sikuitaka kwa biashara. Nilitaka siku ya Jumapili niende upande wa Dutwa, pamba ikiwa imepasuka, niyaone mashamba kutoka juu. Mke wangu aliniuliza, "Ukishayaona?"

"Nitaishusha."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeulizia bei bila kununua.

Ya kwanza nilionyeshwa na kijana muuza simu pale mjini. Mapanga yake yote manne mazima, rimoti safi, lakini betri imevimba, kifuniko chake hakilali. "Hiyo ni joto tu, mzee wangu," akasema. Nikamwambia hiyo si joto, hiyo ina mimba, na mimi sitaki kuwa mkunga. Ya pili ilikuwa ya mtandaoni. Mtu alisema yuko Mwanza, nitume nusu ya pesa kwanza. Picha aliyonitumia ilionyesha droni juu ya meza, na dirishani nyuma yake kuna theluji. Nikamwuliza ni Mwanza ya wapi hiyo. Akanifungia namba.

Ya tatu ndiyo hii, ya binamu yangu wa Maswa, mtoto wa shangazi. Anapiga picha za harusi, na alikuwa amepata droni kubwa zaidi, ndogo anaiuza. Hapa lazima nieleze kitu, maana bila hicho utaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako tangu unapozaliwa. Akikutukana, unamtukana zaidi. Akichukua kuku wako, unacheka. Kukasirikia mtani ni aibu, watu watakuuliza kama umelelewa na ng'ombe. Nimetaniana naye miaka arobaini, na sikumbuki siku aliyowahi kunijibu swali kwa jibu lililonyooka.

Nilifika Maswa na kilo mbili za sukari kwa shangazi, kama inavyotakiwa.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila. Wabeja kwa sukari. Umekuja kutuibia nini leo?"

Binamu akatoa droni ndani, akaiweka juu ya mkeka kama mtoto mchanga. Nikaanza kazi. Mapanga manne na akiba manne, nikahesabu, nikarudia. Betri tatu, hazijavimba. Nikamwambia aniwashie simu anionyeshe kila betri imechajiwa mara ngapi, maana hilo huonekana. Ya kwanza mara hamsini na moja, nyingine pungufu ya hapo. Nikamtaka aitoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yangu, kwa sababu nilishasikia watu wanaouziwa droni halafu mwenyewe wa zamani anabaki nayo hewani. Akaitoa. Nikatikisa shingo ya kamera kwa kidole, ikarudi mahali pake. Nikaikagua mikono kama ina ufa. Haina. Kuirusha niliacha, maana kibali sikuwa nacho bado.

"Na imewahi kuanguka?" nikamwuliza.

"Kuanguka?" Akamgeukia mama yake. "Mama, msikie. Droni hii imeoga kwenye lambo la Ipililo. Nilikuwa napiga harusi, ikashuka yenyewe katikati ya ng'ombe, ikanywa nao maji. Nilivua suruali kuingia kuitoa."

"Basi inakamuliwa lita ngapi kwa siku?" nikasema.

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. Binamu akacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikaona jibu langu limemshinda, nikatoa pesa ya soda.

Huyo mtu alikuwa ananiambia ukweli. Kila neno, hadi la suruali.

Tulipomaliza kucheka nikataka kuipima uzito. Nilikuwa nimesoma kwamba aina hii ina gramu mia mbili arobaini na tisa pamoja na betri, na mimi uzito huwa sisadiki mpaka niuone. Jirani kuna duka linalouza dagaa, lina mizani ya kidijitali. Tukaiweka. Mia mbili sitini na mbili. Nikaiondoa, nikasubiri mizani isome sifuri, nikaiweka tena. Mia mbili sitini na mbili.

Mtu mwingine angeuliza gramu kumi na tatu zimetoka wapi. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Baba yangu kila msimu alisimama mbele ya mizani ya kununulia pamba shingo imemnyooka, midomo inahesabu, na kila msimu alirudi nyumbani akisema kilo zimeliwa. Nimelelewa nikijua kwamba mzigo hausemi uongo, anayesema uongo ni mizani. Nikamtazama mwenye duka.

"Kumbe ndiyo maana dagaa wako ni wengi hapa na wachache kwenye sufuria."

"Mizani yangu haina tatizo, kaka," akasema yule, bila hata kukasirika.

"Wanunuzi wa pamba nao husema hivyohivyo," nikamjibu, nikatoka nimevimba kichwa. Binamu alinifuata akijikuna kichwa. Nilidhani ananionea wivu kwa jinsi nilivyo mjanja.

Alikuwa ameanza na laki tisa, mimi nikaanza na laki sita. Nilimtoa jasho kwa memori kadi isiyokuwepo, kwa mkwaruzo mmoja chini ya tumbo, kwa umbali wa nauli. Tukashikana mikono kwenye laki saba na themanini. Nilirudi Bariadi nikiwa nimeshika kifuko mapajani, najipongeza njia nzima.

Nikanunua memori kadi. Nikafuata taratibu za kibali, fomu baada ya fomu, maana sitaki kuulizwa swali na mtu mwenye sare. Kibali kilipotoka, Jumapili asubuhi nikaenda kwenye eneo la wazi, mbali na watu. Sikutaka kwenda Dutwa siku ya kwanza, nilitaka kuizoea.

Ilipanda vizuri. Dakika tatu za kwanza sitasema uongo, nilikuwa na furaha ya kitoto. Halafu picha kwenye simu ikaanza kuingia ukungu kutoka pembeni, ingawa anga ilikuwa kavu. Ukungu ulikuwa ndani ya kioo. Nikaishusha mpaka usawa wa kichwa changu ili niiangalie, na hapo nikasikia harufu. Mota zilikuwa zimepata moto, na upepo wake ulinipuliza usoni harufu ya zizi siku ya mvua. Mavi ya ng'ombe, mkojo, maji yaliyolala. Kitu cha kisasa kama kile, kinanuka kama kwato! Nikageuza uso kutema mate, na wakati natema, panga moja likasimama, droni ikapinduka, ikaangukia majani.

Fundi simu aliifungua siku iliyofuata, mimi nimesimama nyuma ya bega lake. Alipotoa kifuniko cha chini akarudisha kichwa nyuma.

"Mzee, hii ulikuwa unachotea maji?"

Ndani kulikuwa na tope lililokauka, rangi ya kijani kuelekea nyeusi, limejishika kwenye nyaya kama ugali uliobaki chunguni. Chini ya ubao wa umeme bado lilikuwa bichi, linang'aa. Fundi alilikwangua kwa bisibisi akiwa amefunga pua kwa kola ya shati. Likatoka na unywele wa mkia wa ng'ombe. Halafu likatoka na kiluwiluwi. Kimekauka, kimekunja mkia, macho yapo. Nilitoka nje nikasimama barabarani.

Niliporudi nilimwomba anipe tope lote kwenye karatasi. Nikalipeleka kupima kwa sonara, mtu ambaye mizani yake siwezi kuisema vibaya. Gramu kumi na tatu. Akapima mara ya pili kabla sijamwambia, labda aliniona usoni. Kumi na tatu. Kwa hiyo mizani ya muuza dagaa wa Maswa ilikuwa sawa kabisa, na nilikuwa nimemtukana mtu mkweli dukani kwake. Siku ile watu wawili waliniambia ukweli. Mmoja nilimcheka, mwingine nilimwita mwizi.

Fundi alitaka elfu arobaini na tano kwa kuifungua na kuisafisha, na akasema mota mbili na kamera zimekwisha, kuzipata ni Dar es Salaam, na bei yake karibu ununue nyingine.

Nikapanda gari kwenda Maswa. Binamu nilimkuta anaosha pikipiki.

"Nirudishie pesa yangu," nikasema. Hata salamu sikutoa.

"Na maji yake nikurudishie? Lambo bado lipo."

"Sitanii."

"Hata mimi sikutania, ukauliza maziwa!" Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Nikamwonyesha kiluwiluwi ndani ya kibiriti. Akakitazama kwa makini, akasema, "Huyo sikumuuza. Huyo ni wangu, nirudishie." Kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo alivyozidi kufurahi. Kwake yeye nilikuwa natania vizuri kuliko siku zote.

Safari ya tatu nilimfuata shangazi peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiokota choroko mbovu kwenye ungo moja baada ya nyingine.

"Alikwambia," akasema. "Nilikuwepo. Nawe ulicheka ukanunua soda."

"Shangazi, nilidhani utani."

"Sasa yeye naye anadhani utani. Nikuamulie nini? Nikimwambia akulipe, nimewavunjia utani. Ukitaka niwavunjie, sema hapa hapa, nitamwita."

Sikusema. Na hilo ndilo linalonikera kuliko tope, kwamba nilikuwa na neno moja la kusema na nikalimeza. Kwa sababu nilikumbuka tulipomzika baba. Siku tatu sikuwa nimelia wala kula, nilikuwa nimekauka kama kuni. Kaburi lilipokuwa tayari, binamu huyuhuyu akashuka ndani, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu mjomba wake alikuwa bahili na lazima mtu amlipie deni. Watu wakacheka kaburini. Nikacheka mimi. Halafu ndipo nikalia. Nilimtupia elfu tano, akaihesabu akiwa amelala, akasema imepungua, nikaongeza.

Na mimi nikifa, nani atashuka mle ndani kuwachekesha watoto wangu? Fundi simu?

Lakini pia laki saba na themanini si kuku. Nikimwona anapita na droni yake kubwa, kavu, isiyonuka, najisikia kama nimelamba tope lile. Najichukia zaidi mimi, maana kama mteja angenijia dukani na stori yangu ningemwambia, kaka, uliambiwa, ukaonyeshwa na mizani, sasa unataka nini?

Mke wangu anasema nisahau. Yeye kusahau kwake hakuna bei. Mimi nimehesabu njia zilizopo, mara mbili, na kila moja ina kasoro: nikidai kwa kucheka, atacheka, nikidai kwa hasira, atacheka zaidi, nikimpeleka kwa watu wa nje, utani umekufa na mimi ndiye muuaji.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mlio na watani, mliowahi kudaiana nao mkabaki watani. Mlianzaje? Mlisema neno gani, mkiwa mmekaa au mmesimama, mbele ya nani, mpaka mwenzenu akaacha kucheka akatoa pesa? Sihitaji zote. Anirudishie hata nusu, soda tatu nitazisamehe. Nielekezeni.