Mama na Tamthilia ya Alhamisi

Mtaani kwetu Bariadi hakuna aliyenitangulia kutundika ukutani televisheni ya inchi sitini na tano. Niliifunga mwenyewe, nikavuta na intaneti mwenyewe. Stashahada yangu ya umeme niliisotea Dar es Salaam, mchana nabeba zege, jioni nasoma, bila mjomba wala mfadhili. Nilirudi nikiwa mtu. Nilirudi kwa ajili ya mama, ambaye tangu tumzike baba alikuwa amepunguza maneno hadi zikabaki salamu tu. Nilitaka aongee tena.

Dawa yake niliijua. Utotoni mwangu, kila Alhamisi jioni tamthilia ilionyeshwa kwenye televisheni ya jirani, na mama hakuikosa. Wanawake wengi Kiswahili kiliwapita. Kesho yake, wakikaa kuchambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule, mama ndiye aliyewasimulia kwa Kisukuma, akiigiza sauti za wote na kuongeza vyake. Yule mume katili wa kwenye tamthilia, mama alimpa kikohozi ambacho kwenye televisheni hakikuwepo. Wiki nzima walibishana nani atamwacha nani.

Nikaitafuta tamthilia ile mtandaoni, nikaipata, misimu yote imepangwa. Nikamwalika shangazi, pamoja na yule jirani wa zamani, aliyekuja na mkamwana wake. Sehemu ya kwanza ilipokwisha mama alisogeza kigoda, akakohoa kile kikohozi cha mume, na shangazi akaanza kucheka. Kabla mama hajafika popote, sehemu ya pili ikajianzisha yenyewe. Mama akanyamaza kwa adabu, kama mtu aliyekatizwa na mgeni.

Kwa fundi kama mimi hilo ni jambo dogo. Nikaizuia isijianzishe tena, nikamwambia mama kwa Kisukuma chetu, "Haya mayu, endelea." Shangazi akasema hapana, weka tujue mwisho, ya nini kungoja na vyote vimo humo?

Nikaweka. Ikafika pale mume anapomzaba mkewe kofi kwa kuunguza ugali. Zamani hapo ndipo mama alipowavunja watu mbavu. Safari hii hakucheka mtu. Mkamwana akauliza taratibu, "Hivi mayu, hapa ndipo mlipokuwa mnacheka?"

Mama alirudisha kigoda chake ukutani. Jirani akasema picha zenyewe zimefubaa, kisha akakumbuka kuku wake. Wakiwa mlangoni, mkamwana alimsomea shangazi mwisho wa hadithi kwenye simu: mke anarudi kwa mumewe. Shangazi naye akachukua kanga yake.

Hawakurudi. Nilijaribu kuwaalika kwa tamthilia mpya inayosifiwa, lakini mambo ya siku hizi msimu mzima unashushwa kwa mpigo, na kila mmoja anao kwenye simu yake. Mmoja ameshamaliza, mwingine yuko katikati, hata kubishana hawawezi.

Mwisho nilikaa mimi mwenyewe mbele ya kigoda cha mama, nikamwomba anisimulie ile tamthilia tuliyoitazama siku ile.

"Umeiona," akasema. "Nikusimulie nini?"

Nikamdanganya kwamba nilisinzia katikati.

Akanisogezea rimoti. "Basi irudishe nyuma, uione."