Barua ya Daktari Ilikuwa Kwenye Begi la Mizigo

Admin, nifichie jina na ofisi. Nina miaka 41, mtumishi wa umma hapa Dodoma, nina mke na watoto wawili. Matusi nayategemea, ila someni mpaka mwisho.

Mke wangu ana shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu. Akipanda ngazi nne tu, anahema. Daktari alituambia ndege si marufuku kwake, lakini hewa ya kule juu ni hafifu, kwa hiyo shirika lipewe barua mapema limwandalie oksijeni. Barua akaandika.

Mdogo wangu alikuwa anaoa Mwanza, na bosi wangu tulipanda naye ndege moja. Nikaona aibu mke wangu apandishwe na mtungi mbele yake. Nikamwambia, "Ukionyesha hiyo barua watakuzuia. Safari yenyewe fupi, jikaze." Barua nikaisukumiza kwenye begi kubwa, likaenda na mizigo.

Huko angani midomo ikamgeuka rangi. Mhudumu akaniuliza, "Kaka, dada ana ugonjwa wowote?" Bosi alikuwa kiti cha nyuma yangu. Nikajibu, "Hapana, anaogopa ndege tu." Akaletewa maji na pipi. Oksijeni alikuja kupewa ameshazimia.

Hakufa. Lakini moyo wake umechoka, sasa analala na mashine ya oksijeni pembeni ya kitanda. Daktari alipofoka kwa nini barua haikuonyeshwa, mke wangu alinitazama, kisha akasema, "Niliificha mimi." Nami nikamwacha daktari aamini hivyo. Baadaye nilimuuliza kwa nini alisema vile. Akasema hana pumzi ya kusikiliza ugomvi.

Baba yake akaja kutoka Mpwapwa, habari za barua zimeshamfikia. Nilimpa shikamoo, akapitiliza mpaka kitandani kwa mwanawe. "Ulitaka kumfanya mwenzio mgane kwa ukaidi wako?" Halafu akanishika mkono. "Nisamehe mkwe wangu. Nimekuzalia mbishi." Nami, mwanaume mzima, nikaitikia kwa kichwa, tena kwa uso wa huzuni.

Jumamosi hii wazee wa kwao wanakuja na mbuzi, ili mke wangu aniombe radhi mbele yao. Jana nikamwambia nitasema ukweli. Akavuta pumzi mara mbili ndipo akaweza kunijibu: "Ulipoulizwa kule juu ndipo ulitakiwa kusema. Sasa kula mbuzi."

Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa. Niambieni, niseme au nile?