Kipeuo Kilichobaki Chini

Nilipokuwa kidato cha pili tuliishi ghorofa ya tatu, Mchafukoge, karibu na duka la baba la vitenge vya jumla kule Kariakoo. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama mmoja wa Kihindu, mjane, aliyefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulimwita anti. Jioni moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi na daftari, nimenuna, akaniuliza kinachonisumbua. Ndivyo nilivyoanza kwenda kwake.

Shuleni tulikuwa tumefika kwenye vipeuo. Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza, kama ilivyo sekondari, na alitukaririsha amri moja: kipeuo kisibaki chini ya mstari wa sehemu. Ukipata moja juu ya kipeuo cha pili cha mbili, zidisha juu na chini kwa kipeuo hicho hicho. Chini itabaki mbili, kipeuo kitapanda juu. Kazi hiyo tuliiita kurashonalaizi. Niliweza kuifanya hata nikiwa nasinzia. Kwa nini tunaifanya, hakuna aliyetuambia.

Anti alinipa karatasi akaniambia nigawanye moja kwa 1.414, ambayo ndiyo karibu sawa na kile kipeuo, bila kikokotoo. Nilihangaika mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akaniambia nigawanye 1.414 kwa mbili. Hiyo niliimaliza papo hapo: 0.707. Akanieleza kwamba majibu yote mawili ni namba ile ile, ila watu wa zamani, wasio na mashine, walikipandisha kipeuo juu ili kugawanya kuwe rahisi. "Kikibaki chini si dhambi," alisema. "Ni usumbufu tu."

Nilitoka kwake nimefurahi. Kwa mara ya kwanza hesabu ilikuwa imenieleza sababu yake.

Wiki iliyofuata mwalimu alirudisha majaribio. Swali moja nilikuwa nimeliacha na kipeuo chini kwa kusahau, nikapata sifuri. Hilo ningelimeza. Lakini aliliandika jibu langu ubaoni, akasema mbele ya darasa kwamba namba hiyo ni ya uongo, haipo. Nikanyoosha mkono. Nilimwambia, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kwamba ipo, na kwamba ni sawa kabisa na jibu lake. Nikaeleza habari ya kugawanya kwa mkono. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema jirani yetu.

"Basi huyo jirani ndiye atakusahihishia mtihani," alisema. Wenzangu wakacheka, akanitoa nje. Kesho yake nikaambiwa nisirudi bila mzazi.

Baba alikuja na nguo zake za dukani, shada la funguo kiunoni. Alikuwa ameishia darasa la saba huko kwao Kilimanjaro, akaja mjini kubeba marobota ya watu mpaka akapata duka lake. Kariakoo nilimwona akibishana na kila mtu, wakubwa kwa wadogo. Katika ofisi ile alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Mwalimu alimwambia nina kiburi, nimemdhalilisha mbele ya wanafunzi. Baba hakuuliza nilisema nini. Nilipoanza kujieleza alinikatiza.

"Piga magoti umwombe radhi mwalimu wako."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nikasema nilikosea. Mwalimu akataka niseme nilikosea nini. Nikasema jibu langu lilikuwa la uongo. Hapo akaridhika.

Jioni mama alitukuta chini ya jengo, na tukipanda ngazi baba alimhadithia yaliyotokea. Sauti yake ilikuwa imerudi. Tulipofika ghorofani kwetu aliipandisha zaidi, akasema kuna watu hawana watoto wa kulea, kazi yao kuharibu watoto wa wenzao. Mlango wa anti ulikuwa wazi, umefungwa geti la chuma tu, kwa ajili ya upepo. Nilimwona amekaa mezani, ametazama chini. Hakugeuka.

Nilikaa siku tatu nikitafuta la kumwambia. Siku ya nne baba akiwa dukani nilibisha hodi, nikamwamkia. Aliitikia marahaba yake ya kila siku, akanimiminia chai, akaniuliza habari za mama. Karatasi hakuitoa. Nilipomaliza kikombe nilimwomba radhi, nikamwambia niliinama kwa sababu ya baba, lakini najua jibu lilikuwa sahihi.

"Lilikuwa sahihi," alisema. "Wewe hukukosea kitu, mwanangu. Lakini mimi naishi hapa, na baba yako nakutana naye ngazini kila siku. Msikilize mwalimu wako."

Akachukua kikombe changu akaenda kukiosha. Baada ya hapo tuliamkiana tu mlangoni. Nilipokuwa kidato cha nne alihamia kwa dada yake Ulaya; nilirudi kutoka shule nikakuta wapangaji wengine wanaingiza godoro.

Hesabu nilifaulu. Kila kipeuo nilikipandisha juu bila kukosa, na sikunyoosha mkono tena darasani, hata chuoni, hata pale nilipojua mhadhiri amepotea njia. Watu husema nimetulia.

Mwaka jana nilimuuliza baba. Amezeeka, duka amemwachia kaka yangu, ingawa bado hushinda humo. Nilichukua kalamu nikamwonyesha juu ya boksi la vitenge, moja kugawanya kwa 1.414, kisha 1.414 kugawanya kwa mbili, na kwenye biashara ya namba mzee huyu hadanganyiki. Alitazama majibu mawili yaliyofanana. Nikamuuliza kama angejua siku ile, angefanya nini.

"Ningekupigisha magoti vilevile," alisema. "Kalamu nyekundu alikuwa nayo yeye."

Nilitaka kumuuliza na habari ya anti, yale maneno ya ngazini. Mteja akaingia kuulizia vitenge vya harusi, baba akainuka kumhudumia, na mimi nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Mpaka leo sijamuuliza. Naogopa kwamba hakumbuki.