Dumu la Asali

Nilitoka kwa kaka yangu, mtaa wa Mtendeni pale Tabora, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, bila kujua naelekea wapi. Nilichojua ni kwamba sikutaka kusikia tena maneno aliyoniambia jana yake: "Hiyo pikipiki ikikufia njiani, utarudi kwa miguu, na safari hii utakaa." Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali pamoja.

Pikipiki iligoma. Nilipiga kiki mpaka goti likauma, ndipo ikawaka kwa kukohoa. Wiki mbili ilikuwa hivyo: ikiwa baridi inagoma, ikipata moto inakwenda kama haina neno. Nilishabadilisha plagi mara mbili, nikasafisha na chujio la hewa. Nilikuwa nimechoka nayo kama unavyochoka na mgonjwa asiyesema panapouma.

Nikashika barabara ya Urambo. Huko ndiko walikopita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu mabegani, na siku nyingine hujiuliza walitua wapi, nani aliwapikia. Siku ile sikujiuliza kitu. Usoke nilisimama ninywe chai, nikasinzia pale pale mezani. Nilipozinduka injini imepoa. Kiki thelathini, kimya. Nikaisukuma hadi kwa fundi, mzee aliyefunga miwani yake kwa waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Inakunywa nini?"

"Petroli. Inywe nini tena?"

"Unaichota wapi?"

"Kituoni. Na akiba nabeba kwenye dumu."

"Lete hilo dumu."

Akanusa, akaingiza kidole, akasugua ndani. Kidole kikatoka na utando wa manjano.

"Lilikuwa la nini?"

"La asali. Lakini nililisuuza."

"Kwa maji?"

"Ya moto, mzee."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mtu wa Tabora hajui nta! Maji hayaitoi nta. Petroli ndiyo inaiyeyusha, inaibeba mpaka kwenye kabureta, ikipoa inaganda. Mwanangu, umeilisha pikipiki mishumaa."

Ile asali niliila na masega yake, nikabaki na dumu, maana kwetu dumu zima halitupwi. Wiki mbili nzima nilikuwa nimefunga ugonjwa wenyewe nyuma ya kiti.

Mzee akamwaga tangi, akafungua kabureta, akatoa jeti, kile kipande kinachopitisha petroli, yenye tundu dogo kuliko la sindano. Akaiosha kwa petroli safi, akaipuliza, akarudisha kila kitu, akatia petroli mpya tangini. Nikanyanyua mguu nipige kiki.

"Acha. Injini bado ina joto la jua. Ikiwaka sasa si ushahidi."

Akaisogeza kivulini. Tukangoja mpaka jua likashuka nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku. Nilihesabu kilomita za kurudi Mtendeni kwa miguu, nikaona na uso wa kaka mlangoni.

"Haya, piga."

Nilipiga mara moja. Ikawaka.

"Nenda zako basi," mzee akasema.

Nilikaa juu yake ikinguruma. Ningeweza kufika Urambo, hata kuipita. Hakuna tena cha kunirudisha kwa kaka. Nikazima.

"Ina nini tena?"

"Haina kitu, mzee. Kuna nyumba ya wageni hapa?"

Akanionyesha moja karibu na reli. Dumu nikamwachia. Mama mwenye nyumba alifungua daftari, akauliza siku ngapi. Nilizoea kusema moja. Nikamwambia aandike tatu, nikaingiza pikipiki uani.