Talaka ya Mama Makochi

Mimi ni seremala, na kazi yangu ni mifupa ya makochi. Nyama na ngozi anatia Mama Makochi, jirani yangu wa ukuta mmoja: springi, sponji, kitambaa, na misumari midogo anayoibana kwa midomo huku akiongea. Ndiyo, ana misumari mdomoni na bado anakushinda kwa maneno. Nasema mapema usije ukadhani mimi ni mwamuzi. Katika habari hii nina upande, na upande wangu ni wake.

Mumewe tulimwita Bwana Mizani. Alikuwa mkaguzi wa mizani za madukani, mji hadi mji, ili wenye maduka wasiwapunje wateja. Wiki mbili yuko nyumbani, wiki mbili yuko safarini. Aliyefuatana naye kumbebea mawe ya kupimia alikuwa mdogo wake Mama Makochi, kijana aliyelelewa na dada yake tangu mama yao alipofariki. Kazi hiyo dada ndiye aliyemwombea kwa Bwana Mizani walipokuwa bado wachumba, na baada ya harusi aliwahi kuniambia kwamba sasa amepata macho mawili ya kumwangalia mume njiani.

Sasa, sisi mafundi tuna matangazo yetu. Chini ya kila kochi Mama Makochi huandika namba yake ya simu kwa rangi nyeupe. Springi ikianza kulia, pindua kochi, piga simu. Bwana Mizani alipokuja kuomba kochi la kijani, eti zawadi ya bosi wake anayestaafu, mkewe alilishona kwa moyo wote na kuandika namba kama kawaida. Mtu anayekagua mizani za watu kutwa kucha hakukumbuka kupindua kochi!

Basi siku moja simu ikaita, na asubuhi iliyofuata mama mmoja mpole akaingia karakana, mkononi ana kipande cha kitambaa cha kijani.

"Mume wangu aliniletea kochi la kitambaa hiki," alisema. "Namba yako nimeikuta chini yake. Nataka na kiti cha kufanana nalo."

"Aa, mke wa bosi! Hongereni kwa kustaafu."

"Kustaafu? Bado sana. Mume wangu anakagua mizani. Hata kochi lenyewe lilibebwa na shemeji yangu, yule anayembebea mawe. Miaka yote anakula kwangu. Kijana ana adabu yule!"

Mama Makochi alitema misumari kiganjani.

"Huyo mwenye adabu ni mdogo wangu, tumbo moja," alisema. "Na huyo mkaguzi ni mume wangu."

Nilidhani patachimbika. Hapakuchimbika kitu. Walikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, wakaulizana, wakajibizana, wote wawili wakalia. Yule mama aliolewa kwanza, ndoa ya mke mmoja mbele ya msajili, na haijavunjwa mpaka leo.

Jioni Bwana Mizani alirudi kanywea, habari zimeshamfikia. Nilikuwa mlangoni pangu, sikujificha.

"Mke wangu, haya tusiyaanike," alisema. "Tupeane talaka kimya kimya, kila mtu ashike njia yake."

Talaka ndiyo aliyokuwa anaitaka Mama Makochi pia. Kesho yake alikwenda kwa wakili kuitafuta, akarudi amekasirika kuliko alivyokwenda.

"Fundi, eti talaka sipati!"

"Kwa nini?"

"Wakili anasema talaka inavunja ndoa iliyokuwepo. Yangu haikuwepo. Mtu mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine juu yake, kwa hiyo yangu ni batili tangu siku ile ya keki. Zipo ndoa nyingine zinasimama mpaka mmoja alalamike, kama aliyelazimishwa. Yangu haikusimama hata dakika. Kazi ya mahakama ni kutamka hivyo tu." Akapiga nyundo mahali pasipo na msumari. "Talaka ni kuwa na kochi likachakaa, ukalitoa nje. Mimi naambiwa miaka tisa nilikuwa nimekaa sakafuni!"

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yake.

"Na mtoto wenu?"

"Mtoto habatiliki, nimeuliza hilo kwanza. Ni mimi, Fundi. Mtalaka ana heshima yake, watu wanajua aliolewa. Mimi mle ndani nilikuwa nani? Mpangaji?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Njia ya talaka ingemwachia jina la mke, hata kama la zamani, lakini kwa uongo. Na wakili alimfungua macho: Bwana Mizani alitaka talaka kwa sababu haiulizi sana. Kubatilisha kungeuliza aliapaje kwa msajili kwamba hana mke. Mama Makochi hakula siku hiyo. Mwishowe akasema bora akose jina kuliko kumfichia mwizi ngazi.

Akafungua shauri. Bwana Mizani naye, mtu asiye na haya, akajibu kwamba mwanamke huyu alijua yote tangu mwanzo. Hapo wakili akasema ndoa itabatilika vyovyote, lakini ikiaminika kwamba alijua, atatoka mahakamani kama mshirika wa uongo. Ikabidi aitwe mbeba mawe.

Nilikwenda na Mama Makochi mahakamani. Kijana alisimama, macho chini.

"Dada yako alijua?" wakili aliuliza.

"Hakujua."

"Wewe?"

"Nilijua. Tangu kabla ya harusi yao."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alifikiri kidogo. "Hakuniuliza."

Mimi nilitamani kurusha kiatu.

Hakimu alitamka kwamba ndoa ni batili na kwamba Mama Makochi alidanganywa. Amesafishwa, na hana jina. Tulipotoka, mdogo wake alikuwa ametangulia ukumbini, uso umemchangamka.

"Dada, umeona? Nimekuokoa."

Mama Makochi alimgeukia wakili. "Wakili, udugu nao mahakama inabatilisha?"

"Hapana. Huo ulikuwepo."

"Kweli, ulikuwepo." Alimshika kijana kola, akamnyoosha shati kama alivyokuwa akimnyoosha akienda shule, kisha akamwachia. "Yule hakuwahi kuwa mume wangu. Lakini wewe ulikuwa ndugu yangu. Talaka niliyokuwa naitafuta, chukua wewe."